Hendeli, Msukumo na Rimoti: Kuwasha Gari Mbarara na Nakivale

Ufunguo wa rimoti wa gari ni vitu vitatu vilivyofungwa katika ganda moja la plastiki. Cha kwanza ni kipande cha chuma kilichochomekwa ubavuni, kikishikiliwa na kikomeo kidogo kinachosukumwa kwa ukucha. Cha pili ni chipu yenye namba ya siri inayotambuliwa na gari moja tu. Cha tatu ni redio ndogo inayolishwa na betri bapa ya duara, ile ambayo wengi huiita betri ya saa. Betri hiyo ikiisha, kinachokufa ni redio peke yake. Chuma bado kinafungua mlango, na chipu bado inaweza kujitambulisha, kwani haikuwahi kula umeme wa betri hiyo. Ndiyo maana gari lisiloitikia tena rimoti, na ambalo dashibodi yake inadai kwamba ufunguo haupo, mara nyingi ni gari zima. Linaweza kuwashwa hapo hapo lilipo, bila fundi na bila kamba ya kuvutia.

Tangu magari yaanze, njia mpya ya kuyawasha ilipokuja, ile ya zamani haikutupwa mara moja. Ilifichwa mahali fulani ndani ya gari au ndani ya ufunguo, ikangoja siku ya dhiki. Mbarara, mji wa kusini magharibi mwa Uganda, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni mahali pazuri pa kuifuata historia hiyo, kwa sababu huko gari halikuwa anasa ya kuongezea usafiri mwingine. Reli ilifika Kampala mwaka 1931 na Kasese mwaka 1956, lakini njia hiyo ya magharibi ilipita kaskazini, mbali na Mbarara. Mabati, chumvi na vitabu vya shule vilivyokwenda Ankole, eneo la Mbarara, vilimalizia safari yao juu ya magurudumu ya mpira, katika barabara ya kilomita 270 hivi kutoka Kampala. Ruharo, kilima cha magharibi mwa mji kwenye barabara ya kwenda Ishaka na Kasese, kilikua katika hali hiyo hiyo. Hapo pana kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo la Kanisa la Uganda, na hospitali ya misheni ambayo kituo chake cha macho kinajulikana mbali kwa kutibu saratani ya macho ya watoto. Mgonjwa aliyetoka mbali alihitaji gari la kumleta na, jambo ambalo halikuwa na hakika siku zote, gari litakalowaka tena kesho yake asubuhi.

Kifaa cha kwanza cha kuwashia gari kilikuwa mkono wa mtu. Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1908 na ambayo kwa wengi duniani ndiyo ilikuwa gari la kwanza kuliona, iliwashwa kwa hendeli iliyochomekwa mbele, chini ya rejeta. Mmarekani Charles Kettering alibuni starta ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, na Model T ikaanza kuipata mwaka 1919. Hata hivyo starta ilihitaji betri kubwa, na betri ilihitaji mahali pa kuchajiwa. Katika barabara za Afrika Mashariki hendeli iliishi miaka mingi baada ya kuzeeka kwingineko. Land Rover, iliyoanza mwaka 1948, ilikuja na tundu la hendeli kwenye bampa ya mbele. Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na lililobeba abiria wengi mno Uganda, Kenya na Tanzania, nalo liliweza kuwashwa kwa mkono betri ilipolala.

Kupiga hendeli kulikuwa na adabu yake, na aliyeikiuka aliumia. Kwanza gia ilitolewa na breki ya mkono ikavutwa, kwa sababu gari lililowaka likiwa na gia lilimpanda aliyeliwasha. Hendeli ilichomekwa mpaka meno yake yakashika, ikazungushwa polepole hadi mpigaji akasikia uzito wa silinda inayobana hewa. Hapo ndipo alipoivuta kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, mara moja, na kuiachia. Kidole gumba hakikuizunguka hendeli. Kililazwa upande mmoja na vidole vingine. Cheche ikiwahi kabla ya wakati wake, injini hurudi nyuma ghafla, na hendeli huvunja kifundo cha mkono wa yule aliyeishika kwa kuizungushia gumba. Fundisho hilo halikuandikwa kwenye gari lenyewe. Lilitoka kwa dereva kwenda kwa msaidizi wake, na msaidizi huyo ndiye aliyeitwa taniboi, jina linalotokana na Kiingereza “turn boy”, mvulana wa kuzungusha. Taniboi wa leo haweki mikono kwenye hendeli; anapakia mizigo, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu na kugonga bodi kumjulisha dereva kwamba njia ni safi. Jina limebaki baada ya chuma kilichozaa jina hilo kuondoka, na linastahili kukumbukwa, kwa sababu ndilo kumbukumbu ya pekee waliyoachiwa maelfu ya vijana ambao mikono yao ilikuwa starta ya malori ya Uganda na Kenya.

Baada ya hendeli ulikuja msukumo. Kwa miaka mingi vilikwenda pamoja, lakini miaka ya 1970 ndiyo iliyoufanya msukumo kuwa desturi ya kila siku. Mnamo Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na pamoja nao ziliondoka biashara nyingi zilizoagiza magari, betri na vipuri. Septemba ya mwaka huo huo Mbarara ilishambuliwa na wapiganaji wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliovuka kutoka Tanzania, na mwishoni mwa Februari 1979 jeshi la Tanzania liliuteka mji, ambao sehemu yake kubwa ilibomolewa. Katika miaka hiyo vipuri vilikuwa adimu, na betri iliyochoka iliendelea kutumika kwa sababu haikuwa na mbadala. Dereva mwenye betri ya namna hiyo alijifunza kusoma ardhi. Aliegesha gari likitazama mteremko, na katika mji wa vilima kama Mbarara mteremko haukuwa wa kutafutwa sana. Ruharo peke yake inao wa kutosha.

Gari lilipokuwa tambarare, watu waliitwa. Kitendo chenyewe ni chepesi kukieleza: swichi hufunguliwa, gia ya pili huingizwa, klachi hukanyagwa mpaka chini, watu husukuma, na mwendo ukishakolea klachi huachiwa kwa ghafla ili magurudumu yaizungushe injini. Gia ya pili huchaguliwa kwa sababu ya kwanza ni nzito na hulitingisha gari likasimama. Dereva mzuri hakuachia klachi mapema, akawachosha bure waliomsaidia, na gari likiwaka hakusimama palepale likazimika tena. Alikwenda mbele kidogo injini ikinguruma, ndipo akangoja wenzake wapande. Uzuri wa desturi hii ni kwamba haikuhitaji elimu yoyote kwa anayesukuma. Mtoto wa shule, muuza ndizi na mgeni asiyejua lugha waliweka mikono kwenye buti moja, wakavuta pumzi, wakasukuma.

Kilomita 60 hivi kusini mashariki mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, kuna Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Walioyaanza walikuwa Wanyarwanda. Baadaye vita vya Kongo, kuanzia vile vya 1996 hadi vile vya Kivu ya Kaskazini vya mwaka 2008, 2012 na 2022, vilileta Wakongo kwa makundi makubwa; Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea wana mitaa yao pia. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni na kwenye gereji, na kila kundi lilikiletea maneno yake ya gari. Mkongo husema motuka na shofere. Mnyankole wa Mbarara ana emotoka, na Mnyarwanda ana imodoka. Motuka, emotoka na imodoka ni ndugu, yote yametoka kwenye Kiingereza “motor car”. Mafundi wa Kongo wanalo la ziada: wamezoea magari yenye usukani wa kulia yanayopita mkono wa kulia wa barabara, kwa kuwa mashariki ya Kongo hununua magari yale yale ya Japani yanayoteremshwa Mombasa na Dar es Salaam, ingawa sheria ya barabara yao ni ya Kibelgiji.

Ufunguo wa chuma haukuleta mabadiliko makubwa kama wengi wanavyofikiri. Mwanzoni ulifungua njia ya umeme tu, na starta ilikuwa na kitufe chake cha kukanyaga au kuvuta. Ni mwaka 1949 ambapo Chrysler ya Marekani iliunganisha kazi hizo mbili, ufunguo ukizungushwa hadi mwisho injini ikawaka. Hata hapo ufunguo ulikuwa kigingi cha kuunganishia nyaya. Aliyejua nyaya zipi hukutana chini ya usukani aliweza kuwasha gari bila ufunguo wowote, na ujuzi huo ulimsaidia mwenye gari aliyepoteza ufunguo kama ulivyomsaidia mwizi.

Wizi ndio uliozaa chipu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari yaliibwa kwa wingi Ulaya, hasa Ujerumani baada ya mipaka ya mashariki kufunguka, na kampuni za bima zikashinikiza watengenezaji. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 1995, na tangu Oktoba 1998 gari jipya la abiria halikuruhusiwa kuuzwa katika nchi zake bila kizuizi cha elektroniki. Watengenezaji wa Japani wanaouza dunia nzima walifuata. Kizuizi chenyewe ni cha ajabu katika urahisi wake. Kulizunguka tundu la ufunguo kuna koili ya waya. Ufunguo ukiingia, koili hupitishiwa umeme unaopanda na kushuka kiasi cha mara 125,000 au 134,000 kwa sekunde, na kutengeneza sumaku inayobadilika kwa kasi hiyo hiyo. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna koili nyingine, ndogo mno, iliyounganishwa na chipu. Katika funguo nyingi imefungwa ndani ya kibomba cha kioo kirefu kidogo kuliko punje ya mchele. Michael Faraday alionyesha London mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzaa umeme ndani ya waya huo. Umeme huo mdogo ndio unaoiamsha chipu. Gari hupiga hodi kwa namba isiyorudiwa, chipu huipitisha kwenye siri yake na kuitikia, na gari likiridhika na itikio huruhusu mafuta na cheche.

Chipu haina betri na haiwezi kuishiwa. Hula umeme wa gari, kwa sekunde chache tu inapokuwa karibu, na umbali wake ni wa sentimita chache. Siku ya betri ya rimoti kufa, njia hii ndiyo inayoliokoa gari.

Rimoti ilikuja kwa njia nyingine kabisa, na kwa muda mrefu haikuhusika na kuwasha gari. Mfaransa Paul Lipschutz alibuni kifaa cha kufungulia milango kwa mbali, na Renault ikakiweka kwenye Fuego mwaka 1982. Kilitumia mwanga usioonekana kama rimoti ya televisheni. Baadaye mwanga ukabadilishwa kuwa redio, inayopita hata mfukoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz ilianza kuuza magari ambayo mwenyewe hakuhitaji kutoa ufunguo mfukoni kabisa, na mwaka 2003 Toyota Prius ya kizazi cha pili ikaipeleka teknolojia hiyo kwa watu wa kawaida, pamoja na kitufe cha kubonyeza mahali pa tundu la ufunguo. Katika mfumo huu gari hutuma wimbi fupi la kuita, rimoti iliyo jirani huamka, na kujibu kwa redio yake, ambayo kwa magari ya Japani huwa karibu na megahezi 315. Kujibu huko ndiko kunakohitaji betri.

Uganda hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya ina kikomo kikali zaidi cha miaka 8. Hesabu ni rahisi: magari ya kubonyeza yaliyoanza kuenea Japani kati ya 2003 na 2010 yalifika Mbarara kwa wingi katika muongo uliofuata, yakiwa Toyota za aina ya Premio, Harrier, Mark X, Wish na Noah. Yalifika bila maelezo yake. Kitabu cha mwenye gari, kama hakikuachwa Japani, kimeandikwa Kijapani. Redio haikamati stesheni nyingi, kwa sababu masafa ya Japani huanza megahezi 76 na kuishia chini ya nyingi ya zile zinazotumika Uganda, na kila gari likiwashwa sauti ya kike husema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Mara nyingi huja ufunguo mmoja tu. Ufunguo huo umekaa ndani ya gari safari nzima, kwa kuwa wafanyakazi wa meli na wa bandari hulihamisha gari mara kwa mara, na rimoti inayokaa karibu na gari lake huendelea kuitwa na kuitika. Betri ambayo kwa kawaida hudumu mwaka mmoja hadi miwili inaweza kufika mpakani Malaba au Mutukula ikiwa imekwisha kuchoka. Maarifa ya kuwasha gari yaliachwa nyuma pamoja na kitabu, na kazi ya kuyajaza ikawaangukia mafundi, madereva na wauza magari, kwa mdomo.

Nakivale yenyewe huendesha vizazi vyote kwa wakati mmoja. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambazo mashirika ya misaada huzitumia sana, zimebaki na ufunguo wa chuma wa kuzungusha. Bodaboda za Bajaj Boxer zinazopeleka watu sehemu za Juru na Rubondo ndani ya makazi zina starta ya umeme, lakini kiki ya kupigwa kwa mguu haijaondolewa, na waendeshaji wengi huitegemea hiyo kuokoa betri. Mkazi aliyekua akiona hendeli, kiki na ufunguo wa chuma hukutana na kitufe cha kubonyeza akidhani ndani yake hakuna kilichobaki cha zamani.

Dalili za betri ya rimoti kuisha huja taratibu. Milango hufunguka kwa umbali wa hatua kumi, kisha mbili, kisha kwa kubonyeza mara nyingi. Taa ndogo ya rimoti hufifia. Dashibodi huonyesha alama ya ufunguo, wakati mwingine kwa rangi ya njano, na magari mengine hulia kengele fupi. Inafaa kutenganisha hali hii na betri kubwa ya gari kulala. Betri kubwa ikiwa nzima, taa za ndani huwaka mlango ukifunguliwa na honi hulia. Kinachokosekana ni utambulisho tu. Pengine betri zote mbili ni nzima, na simu iliyobanwa pamoja na rimoti mfukoni ndiyo inayovuruga mawasiliano. Kuitenga simu na rimoti huchukua sekunde moja, na ndiko kunakotakiwa kujaribiwa kwanza.

Kikishabainika chanzo, chuma hutangulia. Kikomeo cha ubavuni husukumwa na kipande cha chuma huvutwa nje. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva. Katika baadhi ya magari limefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kishikio, chenye upenyo chini yake ambapo ncha ya chuma hicho hicho huingizwa kukibandua. Gari lililofungwa kwa rimoti likifunguliwa kwa chuma linaweza kupiga kelele za kengele ya wizi. Kelele hizo humwogopesha dereva na kuwakusanya watu, lakini si hitilafu: gari linafanya kazi yake, na litanyamaza litakapomtambua mwenyewe.

Ndani, dereva hukaa, huhakikisha gia iko kwenye P na hukanyaga breki kwa mguu wa kulia. Kisha rimoti ile ile iliyokufa huinuliwa na kugusishwa kwenye kitufe cha kuwashia. Kwenye Toyota, uso wenye nembo ndio unaoelekezwa kwenye kitufe, kwa sababu koili imelala upande huo. Koili ya gari imezunguka kitufe chenyewe, ndani ya dashibodi, kama ilivyozunguka tundu la ufunguo miaka ya 1990. Kengele fupi husikika. Katika magari yenye taa juu ya kitufe, taa hugeuka kijani. Kuanzia hapo kuna sekunde chache tu za kubonyeza. Akichelewa, hurudia. Makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kugusisha kwa haraka na kuondoa, kama mtu anayegonga mlango. Rimoti inatakiwa itulie pale mpaka kengele ilie. La pili ni kusahau breki, ambapo kitufe huwasha redio na taa bila injini.

Si kila gari lina koili kwenye kitufe. Prius ya 2003 ina mfereji kwenye dashibodi ambamo rimoti nzima huchomekwa, na baadhi ya Nissan za miaka iliyofuata zina mfereji wa namna hiyo. Magari mengine ya Nissan na Mazda hayana kitufe bali kitasa cha kuzungusha. Kifuniko chake kikibanduliwa, nyuma yake huonekana tundu la kawaida, na kile kipande cha chuma kilichofungua mlango huingia na kuzungushwa kama ufunguo wa mwaka 1949. Mercedes-Benz nyingi huficha tundu nyuma ya kitufe, nacho hung'olewa kwa kuvutwa. Kwa hiyo dereva mwenye gari asilolijua hutafuta kwanza mfereji, kisha kifuniko, na mwisho hugusisha kitufe.

Injini ikishawaka haizimiki kwa sababu ya rimoti. Watengenezaji waliamua hivyo kwa usalama, maana gari linalozimika katikati ya barabara kuu lingeua. Kengele zinaweza kulia mlango ukifunguliwa, kwani gari hudhani ufunguo umeondoka, lakini safari ya kutoka Nakivale hadi Mbarara itakamilika, na gari likizimwa kituo cha mafuta litawashwa tena kwa kugusisha vilevile. Kwenye maegesho ya hospitali ya Ruharo au sokoni, mlango utafungwa kwa chuma.

Betri mpya haihitaji gereji. Mafundi wa saa na wauza vifaa vya simu huwa nazo, na herufi zilizochorwa mgongoni mwa ile ya zamani ndizo zinazotakiwa kusomwa. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2025 ina kipenyo hicho hicho lakini unene wa 2.5, CR1632 ni ndogo, milimita 16, na hutumika katika rimoti nyingi za Toyota. Zote hutoa volti 3, na hilo huwapotosha wengi: iliyo nyembamba ikiwekwa mahali pa nene hulegea, na rimoti hufanya kazi leo na kukataa kesho barabara ya mashimo ikiitikisa. Ganda hufunguliwa kwa sarafu au kwa ncha ya bisibisi iliyovingirishwa kitambaa, ndani ya upenyo uleule ulikotoka kipande cha chuma. Upande wenye alama ya kujumlisha hurudi kama ulivyokuwa. Vidole vyenye mafuta ya injini havifai kugusa nyuso zake. Betri ya zamani isiachwe kwenye kiti au chini. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili, na hapo hospitali ndiyo njia ya pekee, bila kungoja dalili.

Magari haya hayakubali msukumo. Karibu yote ni otomatiki. Magurudumu hayana njia ya kuizungusha injini iliyozimwa, na hakuna klachi ya kuachia. Betri kubwa ikilala, watu ishirini wanaweza kulisukuma gari hadi ziwani Nakivale na lisiwake. Litahitaji nyaya mbili na gari jingine zima, nyekundu kwenye nyekundu kwanza, nyeusi mwisho kwenye chuma tupu cha injini, mbali na betri. Vijana waliokua wakikimbilia kila gari lililokwama bado hukimbia wakiona Noah imesimama, na dereva mwenye heshima huwaeleza kwa nini mikono yao haitasaidia.

Chipu yenyewe ikifa, kwa kuoshwa pamoja na suruali mtoni au kupondwa na mguu wa ng'ombe, au ufunguo wa pekee ukipotea, hakuna la kufanya kwa mkono. Fundi wa funguo huja na kompyuta anayoichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na kulifundisha gari ufunguo mpya. Ufunguo wa zamani ukiwa bado upo, kazi hiyo ni ya dakika chache, kwa sababu gari lina linayemfahamu wa kumdhamini mgeni. Ukiwa haupo, kumbukumbu ya kizuizi hufutwa kwanza, mara nyingine kwa kufungua dashibodi na kuling'oa sanduku la elektroniki lenyewe, na gari lililokwamia Nakivale hupakiwa kwenye lori likapelekwa Mbarara au Kampala.